Ndulele, tunguja, ntulatula: ni mmea mmoja? Na hizi ndizo tunguja za Raheli?

#1 Mkata Mkonge

Wakuu, salaam.

Somo la Jumapili lilikuwa Mwanzo 30. Reubeni kaenda kondeni siku za mavuno ya ngano, kaokota tunguja, kampelekea mama yake Lea. Raheli kuziona tu akazitaka, mpaka akakubali Lea alale na Yakobo usiku ule ili naye agawiwe. Sisi Wabondei tuliokaa viti vya nyuma tukaanza kufinyana. Tunguja tunaijua tangu utoto: kichaka cha miiba kinachofika kiunoni, na kikiota penye samadi kinafika kifuani, jani lina manyoya, la kijivu kwa chini, ua zambarau, tunda duara la kijani lenye michirizi myeupe, likiiva linakuwa njano. Liko kwenye kila zizi lililohamwa na kando ya reli, na mbuzi mwenye akili hapiti karibu. Uchungu wake ukiuonja leo, chai ya kesho asubuhi utainywa nao.

Mhubiri akapita hapo mbiombio, akahamia kwenye wivu wa ndoa. Mimi nikabaki na tunguja.

Raheli, mwanamke aliyekuwa akihangaika kupata mtoto, alitaka ndulele za nini? Na huko kwenu mnauitaje mmea huu, wazee waliutumia kwa lipi? Nataka mliyoyasikia kwa bibi na babu zenu, si ya kuokoteza mitandaoni.

#2 Kabwela

Nimeweka kambi hapa. Yaani mume kaachiwa kwa ndulele? Mimi wangu angeniachia kwa maandazi mawili na chenji angerudishiwa.

#3 Layoni Mstaafu

Kwetu Umaasaini ni entulelei. Kuna mpaka mji unaitwa Ntulele, ukitoka Mai Mahiu kwenda Narok utaupita. Kwa hiyo hiyo "ndulele" ya Kiswahili mmeichukua kwetu, mseme tu asante.

Matumizi: mzizi. Tumbo likikusokota machungani huna daktari, unachimbua mzizi, unaumenya kidogo, unatafuna na kumeza mate yake. Machozi yatakutoka, lakini tumbo linanyamaza. Wengine wanautafuna kwa kifua. Na tukiwa wadogo matunda ndiyo yalikuwa ng'ombe wetu. Yale ya njano madume, ya kijani majike, yale madogo ndama. Unajenga boma la vijiti, unaingiza mifugo. Nimewahi kuwa tajiri sana kabla sijapelekwa shule.

#4 Ngosha wa Magu

@Layoni Mstaafu taratibu. Usukumani ni ntulatula, matunda ni matulatula. "Tula" iko pale mara mbili. Hilo ni la Kibantu, nyie ndio mliokuta wenyeji wakasema tula, mkaongeza "en" mbele na "lei" nyuma mkasepa nalo.

Kwetu kazi yake kubwa ni mdudu wa kidole. Wengine wanaita kaka, kidole kinavimba pembeni ya ukucha, kinapwita usiku kucha hulali. Bibi anachuma tula zima lililokomaa, anakata kichwa, anakwangua mbegu zote, analipasha kwenye majivu ya moto, likipoa kiasi cha kuvumilika anakuvika kwenye kidole na kukifunga kitambaa. Asubuhi mdudu kapasuka au kanywea. Hii nimefanyiwa mwenyewe, si ya kusimuliwa.

#5 Jaber wa Siaya

Hiyo ya kidole tunayo pia Nyanza, sisi tunaita ochok. Yaani kutoka Magu hadi Siaya ni tiba ileile na lugha hazihusiani hata kidogo.

Lakini ochok kwetu ni ya jino. Dani yangu, yaani bibi, alikuwa anakausha yale matunda ya njano, anatupa kwenye kaa la moto, unafunikwa blanketi ufungue mdomo moshi uingie. Chini anaweka bakuli la maji. Ukitoka anakuonyesha wadudu weupe wadogo ndani ya maji, ati ndio walikuwa wanakula jino. Nilikuwa naogopa wale wadudu kuliko kitu chochote.

#6 Bibi Shamba

Habari zenu. Nitachangia kidogo maana nimesomea kilimo na mmea huu nimeung'oa sana.

Kwanza la @Mkata Mkonge. Tunda la Mwanzo 30 kwa Kiebrania ni dudaimu, na wafasiri wengi wanakubaliana kuwa ni mandragora, mmea wa nchi za Mediterania. Hauna shina la kuonekana. Majani yametandazwa chini, katikati yanatoka maua halafu matunda ya njano yenye harufu tamu, na huiva majira ya ngano, sawasawa na maelezo ya Reubeni. Mzizi wake ni mnene na mara nyingi umegawanyika mithili ya miguu ya mtu. Kwa sababu ya umbo hilo watu wa kale waliamini unasaidia kushika mimba. Hapo ndipo Raheli anaingia. Soma pia Wimbo Ulio Bora 7:13, mitunguja inasifiwa kwa harufu yake. Nani hapa amewahi kunusa ndulele akaisifia?

Wafasiri wa Kiswahili mandragora hawakuwa nayo pwani, wakachukua ndugu yake. Na kweli ni ndugu, ukoo ni mmoja na mnavu, nyanya, viazi mviringo, pilipili na tumbaku.

Pili, jina la kitaalamu. Chuoni tulifundishwa Solanum incanum, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753, incanum maana yake yenye rangi ya mvi, kwa ajili ya lile jani. Lakini mwaka 2013 wataalamu waliopanga upya jamaa wa pori wa bilinganya walisema hii yetu iliyotapakaa Afrika Mashariki na Kusini ni Solanum campylacanthum. Incanum yenyewe ni ya nchi kavu zaidi, kuanzia kaskazini mwa Kenya kupanda Pembe ya Afrika, Uarabuni, mpaka Pakistani. Vitabu vingi bado vina jina la zamani, kwa hiyo mkisoma "incanum inatibu hiki" muulize kwanza walichuma wapi.

@Jaber wa Siaya wale wadudu ni viini vya mbegu. Moto ukiipasua mbegu ya jamii hii, kile kichipukizi cha ndani kinaruka kikiwa cheupe na kimejikunja. Ulaya nako waganga wa meno walicheza mchezo huohuo kwa mbegu za mmea mwingine wa ukoo huu.

#7 Jaber wa Siaya

@Bibi Shamba sawa, lakini jino lilipoa.

#8 Bibi Shamba

Moshi wa mimea ya ukoo huu unaweza kutia ganzi. Sijasema halikupoa, nimesema hakukuwa na mdudu.

#9 Kabwela

Dani kapigwa na sayansi mchana kweupe.

#10 Mpemba wa Wete

Asalaam aleikum. Yakhe, mnagombana Wamaasai na Wasukuma, tunguja ni neno la kwetu visiwani na pwani, limo hata kwenye Biblia yenu, na hakuna anayetushukuru.

Kwetu maji ya tunguja hupakwa choa na vigwaruzo, na mzizi huchemshwa kwa chango la wanawake. Lakini wazee walikuwa wakisisitiza kipimo, si mtu kujichotea. Tunda halinywewi.

#11 Kabwela

@Mpemba wa Wete kwa hiyo Unguja ni nchi ya tunguja? Tunguja, Unguja. Nimegundua kitu hapa.

#12 Mpemba wa Wete

Haswaa! Miiba mingi na tunda haliliki. Sisi Pemba tuna karafuu.

#13 Msoma Tarikh

Msimsikilize. Jina la Unguja ni la kale mno, al-Jahiz karne ya 9 anawataja watu wa Lanjuya, na Yaqut karne ya 13 anakitaja kisiwa kwa jina hilohilo. Herufi ya kwanza pale ni lam, si ta. Tunguja haina uhusiano wowote na suala hili.

#14 Mpemba wa Wete

Miiba hiyo imeanza.

#15 Wa Kirinyaga

Kwetu mmea ni mutongu, tunda ni ndongu. Hiyo "entulelei" na "tula" hatuna kwa hii, LAKINI tuna mutura, na mutura ni mwingine. Mutura ni mkubwa zaidi, unakuwa kama mti mdogo, miiba yake imepinda, na tunda lake ni kubwa la njano. Watu wanaupanda uwe ua la shamba. Kwa hivyo hao wanaosema ndulele ni mtura, mtula, mtunguja, kila kitu ni kimoja, wanachanganya mbili.

Sisi ndongu zilikuwa magurudumu. Unachukua kijiti, unatoboa mbili, unaweka fimbo ndefu, gari limepatikana. Za kijani ndizo nzuri, za njano zinapasuka kwa mawe. Mama alikuwa anapiga kelele tusiguse mdomo kabla ya kuosha mikono.

#16 Bibi Shamba

@Wa Kirinyaga yuko sahihi. Mutura ni Solanum aculeastrum, wa nyanda za juu. Ila mtaona jina lenyewe limeruka kutoka mmea mmoja hadi mwingine ndani ya jamii hiihii, kwa hiyo hoja ya @Ngosha wa Magu haijafa.

#17 Nyasa Boy

Haijafa kabisa. Malawi wanasema nthula. Zambia, Wabemba wanasema mutuntula. Hao hawajawahi kukutana na Mmaasai tangu dunia iumbwe. Layoni anataka kutuambia morani alifika mpaka ziwa Bangweulu kufundisha watu jina la ndulele?

#18 Layoni Mstaafu

@Nyasa Boy mimi nimeuliza swali moja tu. Kama ni ya Kibantu, mbona Wakikuyu, ambao ni Wabantu na ni jirani zangu, wanasema ndongu? Na mbona Kiswahili kinasema ndulele na siyo tula? Hiyo "lele" imetoka wapi? Bibi yako akuambie.

#19 Ngosha wa Magu

"Lele" ni nyie mlioweka, halafu Waswahili wakaikopa ikiwa imeshachakachuliwa. Safari ya kwenda na kurudi.

#20 Layoni Mstaafu

Kwa hiyo umekubali Kiswahili kimekopa kwetu. Nashukuru.

#21 Mama Mdogo Makambako

Nyie vijana. Mimi nimekulia Makambako, ndulele tumeisema tangu nazaliwa, kwa Wabena kwa Wahehe, na ng'ombe wa Kimaasai hatukuwaona huko enzi hizo. Kwa hiyo habari ya kukopa kutoka Narok mtafute kwingine.

Na mmesahau matumizi makubwa. Ndulele ni dawa ya bustani. Unaponda matunda, unaloweka kwenye ndoo usiku mmoja, unachuja na kuweka sabuni kidogo ishike kwenye jani, unanyunyizia kabichi na sukuma wiki zenye vidukari. Baba alifanya hivyo miaka yote na dukani hakununua dawa. Ukinyunyiza, usivune kesho yake, acha siku kadhaa, na osha sana.

#22 Shangazi Kuku

Asante @Mama Mdogo Makambako. Mimi niko Singida, nitoe ya kuku. Mdondo ukiingia kijijini wakati wa kiangazi, kuku wanasinzia, wanahara kijani, shingo inapinda. Sisi tunaponda ndulele na pilipili kichaa na majivu kidogo, tunaweka kwenye maji ya kunywa. Mwaka jana jirani alimaliza banda zima, mimi nikabaki na mitetea kadhaa na jogoo.

#23 Dawa Baridi

Shangazi shikamoo. Mimi ni mtu wa mifugo, naomba nikupinge kwa heshima.

Mdondo ni kirusi. Hakuna ndulele wala pilipili inayokiua kikishaingia kwa kuku. Waliobaki kwako wamebaki kwa sababu kila mlipuko huacha wachache, hata kwa jirani yako pengine alibaki mmoja wawili akawauza kwa hofu. Kinachofanya kazi ni chanjo kabla ugonjwa haujaja. Hii ya I-2 inatengenezwa hapahapa Tanzania, inavumilia joto kuliko zile za zamani, na ni tone moja tu jichoni, unarudia kila miezi mitatu hadi minne. Chupa moja ni kuku wengi, mkichanga nyumba kadhaa bei haiumi. Ukiwapa ndulele kuku ambao tayari wanakufa unawaongezea sumu.

#24 Shangazi Kuku

Marahaba. Chanjo naijua mwanangu na siikatai. Ila anayeuza anakuja lini, na ile dawa ikishakaa juani kwenye pikipiki nani anajua kama bado ni dawa? Ndulele iko nyuma ya choo.

#25 Dawa Baridi

Hapo umenishika shangazi. Ndiyo sababu ikatafutwa inayovumilia joto, lakini juani kwenye pikipiki hapana.

#26 Wa Laikipia

Niwarudishe kwa #1, amesema mbuzi mwenye akili hapiti karibu. Huku kwetu wanyama wanakula. Mpala, huku Laikipia, watafiti wamezungusha nyua tangu 2008: nyingine zinazuia tembo na twiga tu, nyingine mpaka swala pala, nyingine mpaka dikidiki, halafu wanaangalia mimea inafanya nini. Ndulele iliongezeka pale tembo na swala pala walipofungiwa nje. Matunda wanayapenda. Tembo anakula, anatembea, anaacha mbegu mbali kwenye mavi yake.

Kwa hivyo ile ndulele nyingi unayoiona kwenye malisho yaliyochoka si bahati mbaya. Ng'ombe hawaigusi, wanamaliza nyasi pembeni yake, yenyewe inabaki peke yake na jua lote. Na ukiikata inachipua kwenye mizizi, unakuwa umeipogolea.

#27 Mkata Mkonge

@Wa Laikipia mbuzi wetu basi wana akili kuliko tembo. Nilishuhudia mbuzi wa mjomba, kiangazi kikali, akala zile za kijani kwa njaa. Tumbo likajaa, akaanza kuhara na kutetemeka miguu, hakufika jioni. Tukaambiwa nyama isiliwe.

#28 Dawa Baridi

Ndivyo sumu yake ilivyo. Zile za kijani ndizo kali zaidi. Tembo ana mwili mkubwa na anachanganya na majani mengine mengi, na swala wamezoeana na mimea hii kwa muda mrefu kuliko mbuzi wa mjomba. Kiangazi ndama na mbuzi waliofungiwa wakatoka na njaa ndio hupatikana na balaa hili.

#29 Katekista wa Zamani

Amani kwenu. Naona Raheli ameachwa njiani.

Someni vizuri hadithi. Raheli ndiye aliyechukua tunguja, lakini usiku ule aliyeshika mimba ni Lea, akamzaa Isakari. Lea, ambaye alizitoa! Baada yake akazaa tena mwana na binti, ndipo Raheli akapata Yusufu, na maandiko yanasema Mungu alimkumbuka, hayasemi tunguja zilifanya kazi. Kwa maoni yangu mwandishi anaikejeli dawa. Bibi Shamba anasema watu wa kale waliamini mzizi unasaidia. Sawa, hadithi inawajibu hao.

Kuhusu wafasiri: mmisionari Krapf akiwa Mombasa mwaka 1844 alianza kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili, na kitabu alichoanza nacho ni hiki cha Mwanzo. Sijui nani alikuwa wa kwanza kuandika tunguja pale, lakini mtu aliyeketi Mombasa akauliza "tunda la porini la njano, dawa ya wanawake" angeletewa nini kingine?

#30 Mpemba wa Wete

Chango la wanawake, nilisema #10. Mzizi wa tunguja kwetu ni wa mambo hayohayo ya uzazi. Kwa hivyo mfasiri hakukosea sana, alichukua mmea unaofanya kazi ileile. Harufu ndiyo imemponza.

#31 Mkata Mkonge

Hii ya @Mpemba wa Wete imenikaa. Bibi yangu Muheza naye alikuwa akichimba mzizi wa tunguja kwa wanawake waliochelewa kushika mimba. Nilidhani ni kwa sababu ya Biblia, kwamba alisikia kanisani akaiga. Sasa sijui nani alimfuata nani.

#32 Bibi Shamba

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Bibi anaweza kuwa na dawa yake ya zamani, halafu Biblia ikamthibitishia. Ila kama kuna dada anasoma hapa anatafuta mtoto: usichemshe mzizi wa ndulele. Sumu zake zinajulikana, solanini na jamaa zake, na hakuna mwenye kipimo cha uhakika.

#33 Inarunyonga wa Kigoma

Mwaramutse. Warundi tunasema intobotobo, na Rwanda ni intobo. Haya hayaingii kwenye tula wala lele wala ndongu. Mtaongeza kabila la tatu kwenye vita yenu.

Pia naomba kuuliza, hii ndiyo ile ya presha? Nilikuwa Kampala nikaona watu wananunua vitunda vidogo vichungu sokoni, wanasema vinashusha presha.

#34 Muganda Mtoro

@Inarunyonga hapana ssebo. Hizo ni katunkuma, vitunda vidogo vyekundu vikiiva, vinakaa kwenye vishada, watu wanapika na kula. Ndulele kwetu ni entengotengo na hatuli. Katunkuma ni Solanum nyingine. Tafadhali msije mkachuma entengotengo mkasaga kwenye juisi kwa sababu ya presha, mtazimika presha yote.

#35 Kabwela

Kwa hiyo kuna ya kula, ya kutibu, ya kuua mbuzi, na ya kubadilishana waume. Ukoo gani huu.

#36 Bibi Shamba

@Kabwela na mezani kwako umo. Nyanya chungu, ngogwe, ni jamaa wa hawa, imefugwa na Waafrika wenyewe. Bilinganya nayo ina babu wa porini huko Asia anayefanana sana na ndulele yetu. Ndiyo maana wataalamu wa mbegu, wakiwemo wale wa chuo kikuu cha Valencia kule Hispania, wanaichanganya bilinganya na hizi za porini wapate inayovumilia ukame. Na wapo wakulima wanaobebesha nyanya au bilinganya juu ya shina la jamaa wa pori ili kukwepa mnyauko wa bakteria ulioko ardhini. Shina la chini linahimili, tunda la juu ni lako.

#37 Ngosha wa Magu

Kubebesha nyanya kwenye ndulele? Nyanya haiwi chungu?

#38 Bibi Shamba

Haiwi. Ila angalia tawi lisichipue chini ya kiungo, hilo litakuwa ndulele yenyewe, likate mapema. Ukichelewa utaona ua la zambarau kwenye shamba la nyanya na majirani watakuja na maneno.

#39 Abu Khartum

Salaam kutoka Sudan, Mswahili wa Lamu nafanya kazi huku. Mmesahau maziwa. Wafugaji huku wana mmea wa jamii hii, Solanum dubium, wanauita jubbein, na neno hilo limekaa karibu na jubna, jibini. Wanaponda mbegu na kuzitia kwenye maziwa, yanaganda ndani ya muda mfupi. Jibini ninayokula asubuhi inaanzia hapo.

#40 Layoni Mstaafu

Maziwa sisi tunatia kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa mti wa oloirien, hatuhitaji kugandisha kwa sumu. Lakini asante kwa habari.

#41 Wa Kirinyaga

@Abu Khartum sawa. Nimesikia pia kwamba ndongu zinatumika kutoa manyoya kwenye ngozi kabla ya kuilainisha. Kuna anayejua? Babu alikuwa anatengeneza ngozi lakini alifariki kabla sijapata akili ya kuuliza.

#42 Jaber wa Siaya

Mimi sijaona ya ngozi. Nimeona ya kunyonya. Mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa anapaka uchungu kwenye chuchu.

#43 Shangazi Kuku

Ile ni shubiri, si ndulele! Ndulele kwa mtoto mchanga ni kumuua. Msichanganye mambo hapa watu watasoma wakafanye.

#44 Jaber wa Siaya

Shubiri, ndiyo. Kwetu yote ni uchungu.

#45 Nyasa Boy

Narudi kwa Layoni. Ile hoja yake ya "mbona Wakikuyu wanasema ndongu" inajibika. Watu wanabadilisha majina ya mimea kila wanapohama, na Wa Kirinyaga katuambia tura iko kwao ila imehamia kwenye mmea mwingine. Maana yake walikuwa nayo.

#46 Wa Kirinyaga

Msinitumie kwenye kesi yenu. Nilisema mutura ni mutura.

#47 Layoni Mstaafu

Na Wakalenjin je? Labotwet. Wako karibu yangu kuliko Wakikuyu na hawana tula. Kwa hiyo mimi sikuirithi kwa majirani Waniloti, wala sikuipata kwa jirani Mbantu wa karibu. Nilikuwa nayo mwenyewe.

#48 Ngosha wa Magu

Au uliipata kwetu kusini ulipokuja kuiba ng'ombe.

#49 Layoni Mstaafu

Ng'ombe wote ni wetu toka mwanzo, hilo linajulikana. Hatuibi, tunarudisha.

#50 Mama Mdogo Makambako

Na mimi bado mnanidai jibu la Makambako au nimewashinda?

#51 Kidole Tatu

Samahani kwa kuingilia. Nimeusoma uzi wote nikiwa na kidole kimevimba pembeni ya ukucha, leo siku ya pili. Hapa nilipo ndulele zipo nyingi nyuma ya kituo cha bodaboda. @Ngosha wa Magu, nichume ya kijani au ya njano?

#52 Ngosha wa Magu

Ya kijani iliyokomaa. Ya njano imelegea, haishiki kidole.

#53 Jaber wa Siaya

Ya njano. Ya kijani inawasha sana, na kama una kidonda utaruka.

#54 Mpemba wa Wete

Za nyuma ya kituo cha bodaboda usichume hata moja, zimenyweshwa na bodaboda wote.

#55 Dawa Baridi

Mimi ni wa mifugo lakini hili nalijua. Kama kinapwita na kuna usaha, nenda zahanati wakikamue kwa usafi na wakupe dawa. Joto la tunda ndilo linalotuliza, hata maji ya vuguvugu yenye chumvi yangekufaa kwa sasa. Usitie ndulele kwenye ngozi iliyopasuka.

#56 Kidole Tatu

Asanteni. Zahanati imefungwa mpaka kesho. Nimeweka maji jikoni, ila nimechuma na za kijani mbili, zipo hapa mezani.

#57 Ngosha wa Magu

Kwangua mbegu zote zitoke. Usisahau mbegu.